Laksi Hamsini

Kazi yangu ni kukaa.
Kiti cha mbao, redio kiunoni, koti lenye jina la mtu mwingine
kwa kuwa langu bado liko kwa mshonaji.
Kwa wiki tisa mimi ni Gordon.
Chumba cha tatu, ghorofa ya pili, Dundee,
na huko nje upepo wa mto Tay unawavua watu kofia.

Ndani hakuna upepo. Ndani ni nusu giza.
Wageni hunung'unika: vipi, mmeshindwa kulipia umeme?
Nami hujibu nilivyofundishwa:
mwanga laksi hamsini, haizidi hata moja,
karatasi hizi zinakufa kwa kutazamwa.

Sikuiamini sentensi hiyo mpaka nilipoisema mara ya mia.
Mwanga hula. Huanza na buluu,
ile iliyokamuliwa kwenye ua linalochanua alfajiri
na adhuhuri limekwisha sinyaa.
Kisha waridi, kisha manjano.
Mweusi huondoka mwisho, kama mwenye nyumba.
Kwa hiyo kila picha ina hesabu yake:
wiki tisa ukutani, miaka minne ndani ya droo,
imefungiwa kama mwari.

Wengi huniuliza choo kiko wapi.
Kushoto, halafu kushoto tena.

Lakini kila Jumatano, saa nane na dakika kidogo,
huja Bi. Chizuko Lamb, mjane wa fundi wa meli,
na kikapu cha magurudumu kinacholia mara moja kila mzunguko.
Anawapita mabwana wa vita. Anawapita korongo. Anaupita mlima.
Anakwenda kwenye picha iliyo ndogo kuliko zote,
ya mchoraji ambaye kibao kinasema hajulikani:
usiku, mvua, mtu na mwavuli uliotoboka,
na nyuma yake mbwa asiye wake.

Wiki ya pili nilimpa kiti changu. Kikazi ni kosa.
Wiki ya tano akasema, bila kugeuka,
"Gordon, yule mbwa amesogea."

Nikamwambia kitabu cha maonyesho kipo dukani,
jalada gumu, kilo mbili na robo, pauni arobaini na tano,
picha yake iko ukurasa wa mia na kumi na nane.
Akacheka hadi kikohozi kikamshika.
"Nimekiona. Wameikausha mvua."

Nilishuka dukani wakati wa chai.
Kweli, kitabuni picha ilikuwa safi kuliko picha.
Buluu inawaka. Mbwa yupo, mkia wote.
Mvua: mistari saba ya kijivu, basi.
Nikapanda tena, nikapiga magoti mbele ya kioo,
nikatazama kwa ubavu, shavu karibu na ukuta,
na hapo ikaninyeshea.
Mvua nyingi haikuchorwa. Ilibonyezwa.
Ubao mkavu, usio na wino, uliikandamiza karatasi
ikabaki na makovu meupe, mamia,
ambayo kamera, kwa kutazama usoni tu, haikuyaona.

Jumapili maonyesho yakafungwa.
Jumatano akaja, na kikapu chake.
Ukutani misumari miwili.
"Lini tena?"
Miaka minne, nikasema.
Akahesabu kwa vidole, kwa lugha yake,
akaishia njiani, akaikunja mikono.

Koti langu lilikwisha kuja, na jina langu kifuani.
Aliendelea kuniita Gordon. Sikumsahihisha.

Nikaenda dukani nikaleta kile kitabu cha kufunulia wateja,
chenye pembe iliyoliwa, kisichouzwa.
Nikakilaza juu ya magoti yake, mia na kumi na nane,
nikachukua ukucha wa kidole gumba
nikaanza kuinyesha, mstari mmoja, mwingine,
kwa mshazari, kutoka juu kushoto,
na moyo wangu ukinidunda kama mwizi.

Akauinamisha ukurasa kwenye mwanga.
Akatazama kwa muda mrefu.
"Ongeza hapa," akasema. "Kwa mbwa."